Ndovu Anatujua Kuliko Tunavyomjua

(Mazungumzo haya yalitolewa katika baraza la wananchi, Salama. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.)



Niliombwa nizungumze juu ya ndovu. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini habari za ndovu ziletwe hapa Salama, mahali ambapo mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumwona hata mmoja. Jibu ni kwamba wengi mliokaa hapa mna ndugu, wakwe au shamba upande wa Kibwezi, Mtito Andei, Ikutha au Mutomo. Wengine mnaendesha malori usiku kwenye barabara ya Mombasa, katikati ya Tsavo Magharibi na Tsavo Mashariki. Na kila msimu mahindi yakikaribia kukomaa, simu hupigwa kutoka huko, na anayepiga hana haja ya kueleza sana. Husema tu kwamba wamekuja tena.

Sikuja kuwaambia kwamba ndovu ni mnyama mzuri na analeta watalii. Mtu aliyeamka akakuta ekari mbili zimelala chini hana haja ya kusikia habari za watalii. Nimekuja tuzungumze jinsi ndovu anavyoishi na wenzake, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya hasara na vifo tunavyoviona hutokana na kumchukulia kama lori lililokatika breki. Tukimwona tunapiga kelele, tunamrushia mawe, tunamzingira. Kumbe tuliyemzingira ni ukoo mzima, wenye wazee wake na kumbukumbu zake, na ambao kesho utakuwa umejifunza jambo juu yetu.

Mengi tunayoyajua juu ya ukoo huo hayakutoka mbali. Ukivuka milima ya Chyulu kuelekea machweo unafika Amboseli. Huko, mwaka 1972, mama mmoja Mmarekani aitwaye Cynthia Moss alianza kuwafuatilia ndovu mmoja mmoja. Aliwatambua kwa masikio, kwa kuwa kila ndovu ana mipasuko, matundu na mishipa yake kwenye sikio, kama sisi tulivyo na alama za vidole. Aliwapa majina, akaandika nani amezaa, nani amekufa, nani anatembea na nani. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo. Ni zaidi ya miaka hamsini ya kuandika habari za koo za ndovu, na wapo ndovu ambao nasaba yao inajulikana kuliko ya baadhi yetu hapa.

Kilichoonekana ni hiki. Kundi la ndovu ni jike mzee pamoja na binti zake, dada zake na wajukuu. Wanaweza kuwa sita, wanaweza kuwa kumi au zaidi. Jike huyo mzee, ambaye mimi namwita nyanya, ndiye anayeamua leo tunakunywa maji wapi, tunavuka barabara sasa au tunangoja, huyu anayekuja ni rafiki au si rafiki. Hatoi amri kwa fujo. Akiondoka wenzake wanamfuata, na akisimama wote wanasimama.

Mimba ya ndovu huchukua miezi 22. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Akina mama mnajua maana yake. Mtoto anayepatikana kwa taabu namna hiyo hulelewa na ukoo wote. Majike wachanga ambao hawajazaa ndio yaya. Mtoto akipiga kelele, wanaokuja mbio ni mama, shangazi, dada na nyanya kwa pamoja.

Amboseli kulikuwa na nyanya mmoja aliyeitwa Echo. Mwaka 1990 alizaa dume, wakampa jina Ely. Mtoto yule alizaliwa na miguu ya mbele iliyokunjika, akawa hawezi kusimama. Alitambaa kwa magoti. Ndovu asiyeweza kusimama hawezi kunyonya, na katika nchi yenye simba hatarajiwi kuishi. Echo hakumwacha. Yeye na binti yake Enid walikaa naye, wakitembea hatua kwa hatua kwa mwendo wa mtoto anayetambaa, na kila alipojaribu kuinuka walimsaidia. Siku ya tatu miguu ilinyooka, akasimama, akanyonya. Ely alikua akawa dume kubwa.

Nimekisimulia kisa hiki kwa makusudi, maana ndicho kinachoeleza kifo cha watu wengi. Mtu anayekwenda kuchota maji alfajiri hakusudii ubaya. Lakini akipita katikati ya mama na mtoto bila kujua, ameingia mahali ambapo ukoo mzima uko tayari kufa. Ukiona ndovu mdogo peke yake kichakani, usifikiri ameachwa. Mama yuko karibu, nawe hujui ni upande gani. Rudi kwa njia uliyojia.

Madume wana maisha tofauti. Dume akifika miaka 14 hivi huondoka kwa mama yake, wakati mwingine kwa kufukuzwa. Kuanzia hapo anatembea na madume wenzake, na huwa karibu na dume mzee anayemfuata na kumtazama. Watu husema dume ni mpweke. Si kweli. Ana shule yake, na mwalimu wake ni huyo mzee. Hapo nitarudi, kwa sababu mahindi yetu yamo katika masomo ya shule hiyo.

Sasa, wanasemezana vipi? Ile sauti ya baragumu tunayoisikia ni sehemu ndogo tu. Mazungumzo mengi ni mngurumo wa chini sana, mwingine uko chini kiasi kwamba sikio la binadamu haliusikii kabisa. Mama mmoja mtafiti, Katy Payne, aligundua jambo hili mwaka 1984 katika bustani ya wanyama huko Portland, Marekani. Alisimama karibu na ndovu akahisi hewa inatetemeka ingawa hakusikia kitu. Mngurumo huo husafiri kilomita kadhaa. Kwa hiyo unapoona ndovu watatu upande huu wa mto na watano upande ule, na wote wakageuka kwa wakati mmoja, usiseme ni bahati. Wameambiana.

Mwaka 2024 watafiti waliofanya kazi kwa rekodi za sauti kutoka Amboseli na Samburu walichapisha jambo ambalo hata mimi nililisoma mara mbili. Walionyesha kwamba katika mngurumo wa ndovu mna kitu kinachofanya kazi kama jina. Walipowachezea ndovu 17 rekodi, ndovu aliposikia wito uliokusudiwa kwake aliitikia na kuelekea kwenye spika upesi zaidi kuliko aliposikia wito uliokusudiwa kwa mwingine. Sisi humpa mtoto jina la babu au bibi. Wao wanapeanaje, hilo bado linafanyiwa utafiti.

Naja sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa, watu wa Ukambani.

Mwaka 2014 kundi la watafiti wakiongozwa na Karen McComb walichapisha utafiti walioufanya Amboseli. Walirekodi wanaume wa Kimaasai na wanaume wa Kikamba, kila mmoja akisema kwa lugha yake maneno yale yale, ya kumwonyesha mwenzake kwamba kuna kundi la ndovu linakuja. Walirekodi pia wanawake na wavulana wa Kimaasai. Kisha wakazificha spika na kuzicheza sauti hizo mbele ya makundi ya ndovu. Waliposikia sauti ya mwanamume wa Kimaasai, ndovu walikusanyika pamoja, wakawaweka watoto katikati, wakainua mikonga kunusa, wakaondoka. Waliposikia mwanamume wa Kikamba akisema jambo lile lile, wengi hawakuhangaika kiasi hicho. Na waliposikia wanawake au wavulana, vivyo hivyo, hofu ilipungua.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, watafiti wa huko huko Amboseli walikuwa wamechapisha jaribio la nguo. Waliwapa wanaume wa Kimaasai na wa Kikamba nguo wazivae kwa siku kadhaa, kisha wakaziweka ndovu wazinuse. Harufu ya nguo iliyovaliwa na Mmaasai iliwafanya ndovu wakimbie kwa kasi zaidi na kwenda mbali zaidi, mpaka wafike kwenye nyasi ndefu ndipo watulie.

Nisieleweke vibaya. Hili halisemi kwamba Mmaasai ni mbaya na Mkamba ni mwema. Majirani zetu wanaishi na mifugo katikati ya ndovu, wanagombania maji na malisho, na vijana wao wakati mwingine wamewachoma ndovu mkuki, mara nyingine baada ya mtu au ng'ombe kuuawa. Wakamba ambao ndovu wa Amboseli wanawafahamu ni wakulima na wafanyakazi ambao hawana ugomvi huo. Utafiti unasema jambo moja tu, nalo ni zito: ndovu hatuoni sote kama watu tu. Anatofautisha lugha, harufu, mwanamume na mwanamke, mtu mzima na mtoto. Na anatofautisha kwa kumbukumbu ya yale aliyotendewa, au aliyoyaona akiwa bado anatembea chini ya tumbo la mama yake.

Tena asitokee mtu hapa akaenda Ikutha na kusimama mbele ya ndovu akisema Kikamba, akitumaini ataachwa. Wale walikuwa ndovu wa Amboseli. Ndovu wa Tsavo wamefunzwa na historia nyingine, na sisi tumo ndani ya historia hiyo. Karne mbili zilizopita misafara ya Wakamba ndiyo iliyopeleka pembe za ndovu Mombasa. Kivoi wa Kitui, yule aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe. Mishale ya sumu ilikuwa ya kwetu pia. Nzou, kama tunavyomwita, ametujua siku nyingi.

Tuseme juu ya ukame, kwa sababu ndipo thamani ya nyanya huonekana.

Wazee mnaukumbuka ukame wa 1970 na 1971. Katika Tsavo peke yake walikufa ndovu wapatao 6,000. Waliokufa zaidi ni majike na watoto wao. Mtoto hawezi kutembea mbali, kwa hiyo mama alibaki karibu na maji, na karibu na maji majani yalikuwa yamekwisha. Hawakufa kwa kiu, walikufa kwa njaa kando ya mto. Madume waliweza kwenda mbali wakala.

Sasa linganisheni na Tarangire, Tanzania, mwaka 1993. Ukame ulikuwa mkali, na katika miezi tisa watoto 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa walikufa. Lakini hawakufa sawasawa katika kila ukoo. Koo zilizoondoka hifadhini na kwenda kutafuta maji na malisho kwingine zilipoteza watoto wachache kuliko zile zilizobaki. Watafiti walipotazama umri wa majike, waliona kwamba kundi lililobaki lilikuwa limepoteza wazee wake wengi kwa ujangili wa miaka ya nyuma. Tarangire ilikuwa na ukame mwingine mkubwa kati ya 1958 na 1961. Nyanya aliyekuwa mtoto wakati ule aliwahi kupitishwa njia ya kutokea. Ambaye hakuwa na nyanya wa namna hiyo hakuwa na wa kumwonyesha.

Jangili anayemuua jike mzee kwa sababu pembe zake ni ndefu anaona ameua mnyama mmoja. Ukweli ni kwamba amechoma ramani ya ukoo mzima, na ukoo usio na ramani ndio unaokuja kuzurura kwenye mashamba na matangi ya maji. Echo mwenyewe alikufa Mei 2009, mwaka ambao ukame uliwaua ndovu mamia huko Amboseli. Alikuwa na miaka kama 64. Binti yake Enid alikaa na mwili.

Kwa madume ni vivyo hivyo. Huko Pilanesberg, Afrika Kusini, walipelekwa ndovu yatima waliotoka Kruger, ambako wakubwa wao walikuwa wameuawa ili kupunguza idadi. Madume wale walikua bila mzee. Katika miaka ya tisini wakaanza kuua vifaru, zaidi ya 40, jambo ambalo si desturi ya ndovu. Dawa haikuwa bunduki. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wakubwa, na mauaji yakakoma. Vijana walipopata wazee walitulia. Mzee aliyeko mbele hapa anatikisa kichwa, naona ameshaelewa.

Basi ni nani anayekuja shambani usiku? Mara nyingi ni madume. Majike wenye watoto huogopa zaidi kukaribia watu. Dume anayetaka kuwa mkubwa anahitaji chakula kingi, na shamba la mahindi au la matikiti ni chakula kingi mahali pamoja. Atakuja usiku, kimya, na atakuwa ameondoka kabla ya mapambazuko. Utafiti wa Amboseli ulionyesha kwamba dume kijana huelekea zaidi kuvamia mashamba kama rafiki zake wakubwa nao ni wavamizi. Ndiyo ile shule niliyoitaja. Kumuua mmoja hakufungi shule, kwa sababu wanafunzi wake tayari wanaijua njia.

Kuna hali moja ya dume ambayo kila mtu aishiye kando ya Tsavo lazima aijue. Wataalamu huiita masti. Ni kipindi ambacho dume mkubwa anatafuta majike, na homoni zake zimepanda mno. Utamjua kwa majimaji yanayotiririka kutoka kwenye tezi kati ya jicho na sikio, mkojo unaodondoka bila kukoma na kulowesha miguu ya nyuma, na harufu kali. Anatembea ameinua kichwa. Joyce Poole na Cynthia Moss ndio walioithibitisha hali hii kwa ndovu wa Afrika mwaka 1981, kule kule Amboseli. Dume wa namna hii hatishiki kwa ngoma wala tochi. Usibishane naye. Mwache ale, ingia ndani, na upige simu.

Tena tuache kuwazingira mchana. Hutokea hivi: kundi limechelewa kurudi, limepambazukiwa kwenye kichaka katikati ya vijiji. Habari zinaenea, wanakuja watu mia tatu, watoto wa shule, wenye simu za kupiga picha, mbwa. Ndovu hawana pa kutokea. Askari wa wanyamapori wakifika wanatumia nusu ya nguvu zao kufukuza watu badala ya ndovu. Kundi hilo likiachwa litulie mpaka jioni, nyanya ataliongoza litoke kwa njia lililoingilia. Wazee wa vijiji, hii ni kazi yenu: zuieni watu, fungeni mbwa. Mbwa humchokoza ndovu, kisha humkimbilia mwenye mbwa.

Na chakula, ikiwezekana, kisilale katika nyumba mnayolala. Ndovu ana jeni za kunusa karibu 2,000, mara mbili ya mbwa. Gunia la mahindi chini ya kitanda kwake ni kama taa iliyowashwa. Embe lililoiva vilevile.

Kitu ambacho ndovu mwenyewe anakiogopa ni nyuki, na hapa ndipo ninapoona watu wetu wana nafasi kuliko wengine, kwa sababu kutundika mizinga ni kazi ya Wakamba tangu zamani. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini nyuki humuuma kando ya macho na ndani ya mkonga. Ndovu wakiwasikia nyuki waliokasirika, hukimbia, na hutoa mngurumo wa pekee wa kuwaonya wenzao. Kule Sagalla, karibu na Voi, mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants walishirikiana na wakulima kuzungushia mashamba ua wa mizinga. Nguzo husimamishwa, mizinga hutundikwa kila baada ya mita kumi hivi, na waya huiunganisha. Ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka. Matokeo ya miaka tisa yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ya mazao kukomaa ua huo uliwazuia kwa wastani asilimia 86 ya ndovu walioukaribia. Na asali huuzwa.

Lakini sitawauzia maneno matupu. Matokeo hayo hayo yanaonyesha kwamba ukame ukija nyuki huhama, mizinga hubaki mitupu, na ua hupungua nguvu. Anayeanza lazima afikirie maji na maua ya nyuki pia. Wakulima wengine wa huko wamepanda alizeti, ambayo ndovu haipendi sana na nyuki wanaipenda. Vikundi vya wafugaji nyuki vilivyo hapa, zungumzeni na maafisa wa kilimo wa wadi kabla ya msimu, si baada ya uvamizi.

Sasa lile swali ambalo huulizwa kila mahali: serikali inapenda nani, ndovu au sisi? Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilionyesha ndovu 36,280 nchini, na wapatao 15,000 wako katika eneo la Tsavo, yaani mlangoni petu. Mwaka 1988 katika eneo hilo hilo walikuwa wamebaki takriban 5,400 kwa sababu ya ujangili. Wameongezeka, nasi tumeongezeka, na katikati yetu pamejengwa barabara, reli na nyua. Reli ya SGR iliachiwa mapito ya chini, na ndovu waliovishwa kola za setilaiti mwaka 2016 walionekana wakiyatumia. Lakini njia ya zamani ikikutana na shamba jipya, nyanya ataendelea kuifuata kama alivyofundishwa. Kabla ya kununua ploti ya bei rahisi karibu na Chyulu au hifadhi ya Kitui Kusini, waulize wenyeji ndovu hupita wapi. Bei rahisi huwa na sababu.

Ulinzi wa wanyamapori kikatiba ni kazi ya serikali kuu kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Kaunti haina askari wa ndovu. Lakini madai ya fidia hupitia kamati ya fidia ya kaunti, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka viwango: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa majeraha ya kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao na mali hukadiriwa kwa bei ya soko. Malipo yamechelewa kwa familia nyingi, na hilo ni lalamiko la haki. Ila madai mengine hukwama kwa sababu ya ushahidi, na huo uko mikononi mwetu. Sheria pia inaruhusu dai la mazao kukataliwa kama mwenye shamba hakuchukua hatua za kawaida za kujikinga.

Kwa hiyo ukivamiwa, usianze kulima upya wala kukusanya mabua asubuhi hiyo. Piga picha shamba lote, nyayo, na kinyesi. Pima nyayo kwa kamba. Nyayo za duara kubwa peke yake ni za dume. Nyayo za ukubwa mbalimbali zikiwa na ndogo ndani yake ni kundi lenye watoto, na askari watataka kujua hilo kabla ya kuja. Toa taarifa kwa chifu na kituo cha KWS siku hiyo hiyo, upewe nambari ya taarifa. Mwite afisa wa kilimo aone hasara kabla mvua haijafuta. Jaza fomu ya madai, na baki na nakala yako iliyopigwa muhuri. Kama mtu ameumia, fomu ya hospitali ipatikane siku hiyo, isingoje mazishi au msiba upite.

Fomu ziko kwa chifu hapa mezani. Sasa nitapokea maswali, tuanze na akina mama.